Koki Ifunguliwe Mchana

Msimamizi wa idara ya maji alikiweka mezani kile kipande cha madini ya risasi, akakisukuma kwa ncha ya kidole kama mtu anayerudisha chenji mbovu. Kilikuwa kidogo, kimebanwa kikawa bapa, na waya wake umekatwa. Fundi waliyemwita Bwana Kanuni hakuhitaji kukiinua. Kila fundi wa idara alikuwa na koleo lake la kubania lakiri, ile mihuri ya risasi inayoonyesha kama koki imeguswa, na kila koleo lilikuwa na namba yake mdomoni. Namba iliyogongwa kwenye risasi ile ilikuwa yake.

"Imetoka wapi?"

"Koki ya machimboni. Ile uliyoifunga mwenyewe wiki iliyopita, kwa amri." Msimamizi aliegemea kiti. "Leo asubuhi mwenzako kapita pale, kakuta watu wanachota maji kama kuna harusi. Kafunua shimo, koki iko wazi. Sawa, hilo tungelielewa, koki hufunguliwa na mhuni yeyote mwenye spana. Lakini hii ilikuwa wazi, halafu imepigwa lakiri. Wazi, na lakiri juu! Waya umezungushwa inavyotakiwa, mkia wake umekunjwa ndani usimchane mtu mkono. Niambie, bwana, nani anayekunja mkia wa waya katika idara hii zaidi yako?"

Mlangoni, mafundi wenzake waliokuwa wakijifanya kutafuta glavu walishindwa kujizuia. "Huyu ndiye Kanuni," mmoja alisema. "Hata akiiba lazima atoe risiti."

Bwana Kanuni hakucheka wala hakukasirika. Amri aliyoitekeleza aliijua. Watu wa machimboni, waponda kokoto na familia zao, walishindwa kesi ya kiwanja. Waliambiwa wahame, wakagoma. Halmashauri ikaamuru maji yafungwe mpaka watoke. Karatasi ilikuwa na sahihi na muhuri, na karatasi yenye muhuri hakuwahi kuiuliza swali. Kanisani, alikokuwa mzee wa kanisa, ndiye aliyefundisha darasa la ubatizo kwamba mamlaka hutoka kwa Mungu, na kwamba Mkristo hachagui sheria za kutii kama anayechagua nyanya sokoni.

"Hukufanya wewe," msimamizi alisema, safari hii kwa sauti ya chini. "Nakujua. Ijumaa kuna kamati ya nidhamu. Wewe sema koleo liliibwa, tukupe jingine, yaishe."

"Halikuibwa."

"Nimekuuliza kama liliibwa? Nimekwambia useme."

"Nimekusikia, mkubwa. Lakini halikuibwa."

Msimamizi akanyoosha mkono. "Vifaa basi, mpaka Ijumaa." Bwana Kanuni akavua mfuko wa vifaa begani, akatoa ufunguo wa baiskeli ya idara, akaviweka mezani kimoja baada ya kingine. Alibaki na kopo lake la chakula. Alitoka nalo mkononi, akapita katikati ya wenzake kwa miguu, na hakuna aliyepata utani wa kumtupia.

Njiani hakujiuliza ni nani. Koleo lilikuwa linalala nyumbani kwake, na nyumba ile ilikuwa na watu watatu tu.

*

Nyumba ilikuwa ya idara pia: vyumba viwili na jiko, namba imepakwa rangi ya buluu juu ya mlango. Mkewe alikuwa kwenye cherehani karibu na dirisha, akishona kola za kwaya. Alimwona tangu mbali.

"Mbona kwa miguu?"

"Baiskeli imebaki. Machimboni ulikwenda lini?"

Mguu wake ulisimama juu ya kikanyagio. Hakuuliza machimbo gani. "Jana alfajiri, ulipokuwa umelala."

"Na lakiri?"

"Sasa ningeiacha hivihivi? Mtu akipita si angeifunga?"

Bwana Kanuni alikaa kitini. Mwaka alioteguka kidole gumba, mwanamke huyu ndiye aliyekwenda naye shimo hadi shimo, yeye akizungusha waya, mke akibana koleo kwa mikono miwili. Alimfundisha kwamba koki isiyo na lakiri ni chungu kisicho na kifuniko. Mwanafunzi alikuwa ameelewa.

"Baba," binti yao alisema kutoka jikoni, akiuma mdomo asicheke, "mwizi wako umemfundisha mwenyewe."

"Wewe kamalize masomo yako."

"Ndiyo haya nayasoma."

Mke aliweka kola chini. "Nilikwenda kumwona mwenzetu wa kwaya aliyejifungua. Nikakuta mtoto anaogeshwa maji ya shimo la mawe, yale yale ambayo malori yanasuuzia matairi. Maji yana rangi ya saruji. Mtoto ana vipele mpaka kwenye kope. Nikauliza, bomba lenu limekuwaje? Wakaangaliana. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuniambia kwamba ni mume wangu."

"Ungeniambia."

"Ungesemaje?"

"Ningesema amri ni amri."

"Basi nimekuokolea mate."

Bwana Kanuni alipanga maneno kama alivyopanga vifaa. "Umevunja sheria, mke wangu."

"Nimevunja. Na wakunga wa Misri walivunja. Walipoambiwa waue watoto wa kiume, hawakuwaua."

"Wakunga hawakugonga namba ya mtu mwingine." Hakupandisha sauti. "Hilo moja. La pili, kama ulijua ni haki, kwa nini alfajiri? Danieli alipokatazwa kusali alifungua madirisha. Wewe ulinyata, na bila shaka kandambili mkononi."

Maneno hayo yalimpata. Alitazama cherehani, kisha akamtazama mumewe, na uso wake haukuwa na toba ila ulikuwa na aibu, na Bwana Kanuni, aliyemjua, aliona tofauti.

"Wakunga nao walimdanganya Farao," alisema hatimaye, lakini kwa sauti ndogo zaidi. "Na Mungu akawajengea nyumba."

"Wao walijengewa. Sisi hii tutatolewa."

Binti aliacha kucheka.

*

Kesho yake, kwa kuwa hakuwa na kazi ya kwenda, alikwenda machimboni. Alijiambia anakwenda kuhakikisha. Fundi huhakikisha.

Koki ilikuwa imefungwa tena. Mwenzake alikuwa amepiga lakiri yake mwenyewe, na mkia wa waya ulikuwa umeachwa nje, umesimama kama mwiba. Bwana Kanuni alirudisha kifuniko, akainuka, akakuta bibi mmoja mponda kokoto amemsimamia na nyundo begani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekuja kufunga nini leo, baba? Tumebakiwa na midomo tu. Ifunge na hiyo basi."

Wanawake waliokaa juu ya marundo ya kokoto walicheka, na kucheka kwao hakukuwa na urafiki. Mmoja aliigiza mtu anayebana koleo. Mwingine aliuliza kama lakiri ya mdomo wanaipiga mbele au pembeni.

"Nimekuja kuangalia," alisema.

"Angalia. Kuangalia hakuna bili."

Aliangalia. Chini ya ukuta wa jiwe lililochongwa kulikuwa na dimbwi pana, na ukingoni lori lilikuwa linaoshwa. Upande wa pili, hatua chache tu, wanawake walikuwa wanachota kwa kata, wakisubiri matope yatue kabla ya kuzamisha. Mafuta yalielea juu na kutengeneza rangi. Alichuchumaa, akachovya vidole, akavinusa, kama alivyofanya kazini kila alipotilia shaka bomba. Kazini, maji ya namna hii angeyaandikia onyo na kuzungushia uzio mpaka yapimwe. Hakuhitaji mtu wa kumhubiria. Yeye mwenyewe, kwa mkono wake, ndiye aliyewaondoa watu hawa kwenye maji safi na kuwaleta hapa.

Yule mama wa kwaya aliyejifungua alitoka na mtoto begani, akamsalimia kama mzee wa kanisa, kwa kupiga goti kidogo. Salamu hiyo ilimuuma kuliko utani wa bibi.

"Mtoto hajambo?"

"Hajambo, mzee. Ngozi tu."

"Ile ngozi," alisema Bwana Kanuni, "ni mimi."

Yule mama alimpakata mtoto upande wa pili.

*

Jioni mchungaji alikuja. Alikuwa mwema, na wema wake ulikuwa wa kutopenda ugomvi. Alisifu chai, akasifu kola za kwaya, kisha akaingia alikokusudia.

"Mzee, msimamizi wako amenipigia simu. Anakupenda. Sisi nasi tunakupenda. Tusifanye jambo dogo kuwa kubwa. Kunyamaza si kusema uongo. Kamati ikiuliza, nyamaza. Watajaza wenyewe kwamba liliibwa."

"Nikinyamaza ili wajaze uongo, mchungaji, uongo huo ni wa nani?"

"Wa kwao."

"Hapana. Wa kwao mkono, wa kwangu wino."

Mchungaji alimgeukia mke. "Na wewe, mama, Jumapili pumzika kidogo kuimba. Sio adhabu. Watu wanasema. Mtume Paulo ametuagiza tutii wenye mamlaka, na kanisa likionekana linalea wakaidi..."

"Nitakaa nyuma, mchungaji," mke alisema. "Lakini kola nitazimaliza. Hazina kosa."

Hapo Bwana Kanuni aliweka kikombe chini. Mkewe alimtazama, akitarajia kusikia kile alichokisikia miaka yote.

"Kuhusu Paulo," alisema, "nimemfundisha mimi miaka mingi, na leo nimeona nilikuwa nafundisha nusu. Aliyeandika tutii mamlaka alikuwa anaingia na kutoka gerezani. Kama kutii kungekuwa na maana ya kufanya kila unachoambiwa, asingelijua gereza lina milango mingapi. Alipokatazwa kuhubiri, alihubiri. Alipokamatwa, hakuruka ukuta. Hata siku milango ya gereza ilipofunguka yenyewe, alibaki ndani akamwita mlinzi asijidhuru. Ndivyo alivyowatii."

"Mzee, hiyo ni..."

"Subiri, mchungaji, naomba. Sheria inakudai kimojawapo: ufanye inachosema, au upokee inachokupa ukikataa. Anayekimbia vyote viwili ndiye mwizi. Mke wangu alikimbia cha kwanza, na huko alikuwa sahihi. Kosa lake ni kukimbia cha pili. Mimi kosa langu ni kubwa zaidi. Nilitii mahali ambapo mtu mwenye macho asingetii."

Binti, mlangoni, alikuwa ameshika sahani bila kuifuta.

"Na hawa tukiwaruhusu, kesho kila mtu atasema Mungu amemwambia afungue koki," mchungaji alisema, na hakuwa mjinga kusema hivyo.

"Kweli. Ndiyo maana lazima iwe ghali," alijibu Bwana Kanuni. "Anayeona Mungu amemtuma na aje na gharama mkononi. Wengi wataishia njiani."

Mchungaji alipoondoka, mke aliendelea kukaa na kikombe tupu. "Kwa hiyo Ijumaa nakuja nawe," alisema. Halikuwa swali.

"Utakaa kwenye benchi mpaka uitwe."

"Nitakaa. Na kandambili nitavaa."

*

Kamati ya nidhamu ilikuwa na watu wachache na meza kubwa kupita kiasi. Mwenyekiti, mama wa makamo kutoka halmashauri, alikuwa na kesi nyingine za kumaliza kabla ya chakula, na alikwisha kuambiwa hii ni nyepesi.

"Lakiri hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Tumeelezwa koleo lako liliibwa."

"Halikuibwa, mheshimiwa. Lilichukuliwa nyumbani na mke wangu, akafungua koki, akapiga lakiri. Yuko nje kwenye benchi. Anataka kusema mwenyewe."

Msimamizi alifunika macho kwa kiganja.

Mke aliingia, akasimama pale alipoonyeshwa. Hakupewa kiti. "Ni mimi," alisema. "Niliingia mfuko wa mume wangu akiwa amelala, nikatumia namba yake. Kwa namba naomba radhi, kwake na kwenu. Kwa maji, hapana."

Mwenyekiti alitazama karatasi, akatazama saa, akamtazama tena yule mwanamke mwenye sindano mbili zilizochomekwa kifuani zikasahauliwa. Kumshtaki mwanakwaya kwa kuwapa maji watoto halikuwa jambo alilotaka kulisoma gazetini.

"Tusikuze mambo," alisema. "Kosa limekiriwa, radhi imeombwa, vizuri. Fundi atarudishiwa vifaa vyake. Atakwenda sasa hivi machimboni, avue lakiri ya mwenzake, apige yake. Watu wa kule waone ni mkono uleule unaofunga. Basi. Hakuna atakayepoteza kitu."

Msimamizi alikuwa ameshainuka kuleta mfuko, uso wake umefunguka kwa nafuu. Aliuweka miguuni pa Bwana Kanuni. Koleo lilichungulia kutoka mfukoni.

"Siwezi, mheshimiwa."

"Huwezi kivipi? Wewe si fundi?"

"Samahani, nimesema vibaya. Naweza. Sitaki."

Neno hilo, kwa mdomo ule, liliwafanya hata waandishi wa kumbukumbu wainue vichwa. Msimamizi alinong'ona, "Kanuni, acha utoto, kazi hii."

"Najua ni kazi, mkubwa. Nimeiangalia ile koki. Ikifungwa, watoto wanaogeshwa maji ya matairi. Mkono wangu hautaifunga tena."

"Basi kazi huna," mwenyekiti alisema, na sasa alikuwa amekasirika kweli, kwa kuwa alikuwa ametoa huruma na ikarudishwa. "Na nyumba ya idara, ufunguo urudi kabla ya Jumatatu."

"Nimesikia. Nitaupaka mlango rangi kwanza, umechubuka." Aliusukuma mfuko taratibu kwa mguu mpaka ukarudi upande wa meza. "Jambo moja zaidi, nawaambia mapema msije mkasema niliwavizia. Nikitoka hapa, naenda kuifungua."

"Tutakupeleka polisi!"

"Msijisumbue, mheshimiwa. Kituo kiko njiani. Tukirudi tutapitia wenyewe."

*

Uani, yule fundi mwenzake wa utani alimfuata mbiombio na spana mkononi. "Chukua, bwana. Mimi sijaona kitu."

"Hiyo ni mali ya idara," Bwana Kanuni alisema. "Rudisha."

"Mungu wangu, mtu anakwenda kuvunja sheria anakagua spana!"

"Na ile lakiri yako, ukipiga nyingine, mkia kunja ndani. Kuna watoto kule."

Spana aliazima machimboni, kwa dereva wa lori aliyekuwa akiosha matairi. Jua lilikuwa la utosi. Watu waliacha nyundo, wakasogea. Bibi mponda kokoto alikuja mbele kabisa, akaweka mikono kiunoni.

"Leo unafunga nini tena?"

"Leo nafungua, bibi."

"Nani kakuruhusu?"

"Hakuna. Nimekatazwa."

Bibi alimtazama yeye, akamtazama mkewe, akatazama kama kuna askari nyuma yao. Hakuona. "Na utasemaje wakija?"

"Hawatakuja kwanza. Tunakwenda sisi."

"Makubwa haya," bibi alisema, akasogea kando kumpisha.

Mke alishika kifuniko upande mmoja, mume upande wa pili, wakakiinua pamoja. Bwana Kanuni alikata waya, na ile lakiri ya mwenzake akaitia mfuko wa shati na kufunga kifungo, kwa kuwa ni ushahidi. Alifungua koki taratibu, robo kwa robo, ili bomba kavu lisipasuke kwa kishindo. Kwanza lilitoa hewa, likakohoa maji mekundu ya kutu, kisha yakaja maji safi. Hakuna aliyepiga vigelegele. Watu walikimbilia ndoo, kwa kuwa hawakujua yatadumu kwa muda gani, na yeye pia hakujua, na alipoulizwa hakuwadanganya.

Mama wa kwaya alichelewa kupanga foleni kwa sababu alikuwa anazungumza na mkewe pembeni. Bwana Kanuni aliona mkewe anakataa jambo, kisha anainamisha kichwa, analikubali.

Kituo cha polisi kilikuwa na kaunta ndefu na konstebo mmoja, kijana, akila karanga juu ya daftari. Alisikiliza mpaka mwisho, akakunja paji la uso.

"Mzee, sijaelewa. Nani amewashtaki?"

"Bado hawajafika. Watafika. Sisi tumeifungua koki ya machimboni kinyume cha amri." Aliitoa lakiri mfukoni, akaiweka mbele ya karanga. "Hii ndiyo niliyoikata."

"Watu huja hapa kulalamikia wenzao," konstebo alisema. "Nimekaa kaunta hii sijawahi kuona mtu anajileta na kielelezo." Alichukua kalamu, bado anawatazama kama watu wanaoweza kuanza kucheka. "Haya. Mshtakiwa wa kwanza ni nani?"

"Mimi," wote wawili walisema.

"Mimi nilianza," mke aliongeza.

"Yeye alianza alfajiri. Mchana ni wa kwangu."

"Jamani, mmoja mmoja, hii siyo harusi." Konstebo aliandika kazi ya mwanamke: mshonaji. Akaandika kazi ya mwanamume, fundi wa maji, kisha alipoambiwa amefukuzwa leo akauliza afute au aache, wakakubaliana aache, kwa kuwa ufundi hauko kwenye ufunguo wa baiskeli. "Mnaishi wapi?"

Hapo Bwana Kanuni, ambaye hakuwahi kukosa jibu la swali la fomu, alikosa. Nyumba ya buluu ilikuwa yao mpaka Jumatatu tu, na hakutaka kuandikisha anwani ambayo wiki ijayo ingekuwa ya uongo. Alimgeukia mkewe.

"Andika machimboni," mke alisema. "Mwenzangu wa kwaya ametupa chumba cha mbele. Binti nimeshampelekea salamu, anafunga vyombo."

Konstebo alisimamisha kalamu. "Machimboni? Mama, kule si maji hakuna?"

"Leo yapo," alisema, akavuta kiti akakaa, kwa kuwa ilionekana wangesubiri.